Kanzu Nyeupe Gerejini

Nitaanza na kanzu, maana hiyo ndiyo iliyonikera kwanza. Mtu ana gereji ya kutengeneza pampu za maji hapa Garsen, mahali ambapo oili chafu imeloa ardhini mpaka kuku wanaopita wana miguu myeusi, halafu kila asubuhi anaingia kazini kavaa kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi. Si Ijumaa peke yake. Jumatatu, siku ya soko, siku ya matope. Mimi niko upande wa pili wa ukuta wa mabati na ovaroli yangu iliyokakamaa kwa grisi, namchungulia kwenye tundu la msumari na kujiuliza: hivi huyu ni fundi au bwana harusi?

Nasema mapema ili tusidanganyane. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu miaka kumi na moja, tena kwa bidii, kila siku ya kazi na siku nyingine za mapumziko. Mke wangu alikwenda Malindi akarudi na leso imeandikwa kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na kila nikianza kumtaja yule bwana, yeye huinuka kimya kimya akaenda chumbani kuivaa. Anarudi nayo kiunoni anaendelea kuchambua mchele.

Jina lake silitaji. Mimi nilimwita Jirani na yeye aliniita Fundi. Hata alipokuwa na mafundi sita chini yake, na mimi bado niko na kibanda changu kimoja na kiti kimoja, aliendelea kuniita Fundi mbele za watu, kwa heshima kabisa. Hilo nalo liliniudhi. Angenidharau kidogo ningepata pa kushika.

Mimi ni mtu wa Kipini. Ufundi nimeuanzia kwenye mashine za boti, nikapanda huku Garsen wakati watu wa mashamba ya kando ya mto walipoanza kununua pampu za petroli. Kazi yangu mimi ni sikio. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaikita kwenye injini, mpini unauegemeza kwenye mfupa wa mbele ya sikio, unafumba macho. Injini inakwambia yenyewe. Ringi zikichoka zina sauti yake, valvu ikikaa vibaya ina sauti yake. Kuna watu walibeba pampu kutoka Tarasaa, wakapita mafundi watatu njiani, wakaja kwangu niwasikilizie tu. Nikiwaambia ni gasketi, ni gasketi.

Yeye alikuwa Mworma wa huko mbugani, aliyejifunza spana kwa kutengeneza mashine ya kisima cha kunyweshea ng'ombe. Alikuwa fundi wa wastani. Hapana, nitasema kweli, maana nimeshazeeka na uongo unachosha: alikuwa fundi mzuri. Si kama mimi, lakini mzuri.

Miaka ile ya mwanzo tulikuwa sawa, kila mtu na kibanda chake, kila mtu na grisi yake. Kisha akaajiri fundi wa kwanza, na baada ya mwezi hivi akatokea na kanzu. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikamfuata.

"Jirani, hii kanzu vipi? Umeacha kazi?"

"Hii kanzu ni kamba, Fundi."

"Kamba ya kufungia nini?"

Akanionyesha viganja vyake. "Hivi. Yule kijana wangu akishika injini, mkono wangu unaruka wenyewe unamnyang'anya spana. Nusu saa, kazi imekwisha, mteja kafurahi. Na yule hajajifunza kitu. Wiki iliyopita nimelala na malaria siku nne, gereji nayo ikalala siku nne. Nikasema basi, mikono hii haina adabu, nitaifunga."

Alimwambia mkewe kanzu ikichafuka asiiguse, ataifua mwenyewe. Alifua mara tatu. Anasema mara ya nne mikono ilisikia.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaitangaza habari hiyo kwa kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu. Fundi asiyeshika spana, nikawaambia, ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi. Watu walicheka pamoja nami, wakamaliza kucheka, halafu nikaona baadhi yao wanazunguka ukuta wa mabati wanaingia kwake. Kwake kulikuwa na mafundi wawili sasa, na hakuna aliyesubiri hadi alasiri.

Lakini msidhani alikuwa mtu aliyenyooka. Mfuko wa kanzu yake ulikuwa umelegea upande mmoja, umeinamia goti. Siku moja ameinama kufunga kiatu, ikaanguka spana. Namba kumi na mbili, imesuguliwa mpaka inang'aa. Aliiokota haraka akatazama huku na huku. Nikamwuliza hiyo ya nini kama mikono imefungwa. Akasema, "Ya kushika tu, nikikaa kwenye kikao." Nimemwona kwa macho yangu ananusa vidole baada ya kupita karibu na tangi la petroli.

Na alikuwa bahili, wallahi. Atakupa pampu nzima ukaondoka nayo, lakini kikombe cha chai hakununulii. Miaka kumi na moja tumekunywa chai kibanda kimoja na sikuwahi kuona mkono wake ukitangulia wangu. Bisibisi hakuazimi mtu. Fundi wake akichelewa kazini hamgombezi, anakwenda anakaa kwenye kigoda cha yule fundi na kanzu yake yote, anakaa hapo kimya mpaka mwenyewe atokee. Mtu mzima anakuja anakuta tajiri yake kakalia kigoda chake. Niliona watu wakilia machozi kwa aibu. Hawakuchelewa tena.

Kwake kila kitu kilikuwa ng'ombe. Waorma wana neno kwa kila rangi ya ng'ombe na kila mkato wa pembe, na yeye pampu alizijua hivyo hivyo. Hakusema pampu ya fulani wa Kau. Alisema, "Ile nyekundu yenye doa shingoni imeamkaje?" Na asubuhi mapema alipanda pikipiki, kanzu kaikunja na kuikalia, akapita mashamba ya Chara, Kau, kote, anazitembelea. Hazijaharibika! Anazitembelea nzima. Anashika hosi, anatazama oili, anaulizia mahindi, anaondoka.

Mimi nina methali moja niliyoipenda sana wakati huo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikisikia pikipiki yake inatoka, naisema kwa sauti ya kupita mabati. Siku moja alisimama, akazima pikipiki, akachungulia mlangoni kwangu.

"Kweli kabisa, Fundi," akasema. "Ngoja basi nikajitembeze."

Akawasha akaenda. Jioni nikamwuliza, kwa hasira, anatafuta nini kwenye mashine nzima. Akaniambia ng'ombe hana mdomo wa kuja kukuambia anaumwa, mwenyewe ndiye huamka akapita katikati yao. Nikamwambia pampu si ng'ombe. Akafikiri. "Ni kweli," akasema, "pampu haina maziwa." Akacheka peke yake njia nzima mpaka nyumbani kwake.

Wakulima nao mwanzoni hawakumtaka. Walimtania usoni: Mworma na mahindi wapi na wapi, na ng'ombe wenu ndio wanaokula mashamba yetu? Yeye akawajibu, "Ndiyo maana nawatengenezea pampu, mpande ya kuwatosha nyinyi na ng'ombe." Watu walivunjika mbavu. Mimi hapo nilikuwa nimekaa na utani wangu mzuri zaidi, nikaumeza.

Jambo lililonimaliza hasa lilikuwa zile pampu za kuazima. Kila alipopata injini iliyokufa kwa bei ya chuma, mafundi wake waliifufua, na alipokuwa nazo tano sita akaanza kufanya hivi: ukimletea pampu mbovu, unaondoka na nzima, unakwenda unanyweshea shamba lako mpaka yako ipone. Hakuna mteja anayemsimamia fundi kichwani, hakuna mahindi yanayokauka. Sasa mwambie mkulima aje kwangu kusubiri siku tatu, hata kama nina sikio la malaika.

Nilimwuliza kibandani mbona haogopi watu watakaa nazo. Akanieleza desturi ya kwao. Mtu akipatwa na ukame, ng'ombe wake wakaisha, mwenye ng'ombe humpa mmoja wa maziwa akae naye zizini. Maziwa ni yake yule aliyepewa, anywe na wanawe, mpaka asimame tena.

"Na hatangazwi," akasema. "Hilo ndilo kubwa. Mgeni akija zizini kwako akauliza, huyu ng'ombe mzuri ni wa nani, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa hapo hapo, natazama pembeni. Si mdomo wangu utakaojibu. Utajibu wewe."

"Na nikisema ni wangu?"

"Ni wako basi, mbele ya mgeni."

"Na wewe?"

"Mimi namjua ng'ombe wangu, Fundi."

Chai ile nililipa mimi, kama kawaida.

Sasa nimtaje Saumu. Saumu ni mdogo wa mke wangu, mama wa watoto wawili, mumewe alimwacha. Alisomea mashine chuoni akapata na cheti chake, akaja kwangu kufanya kazi. Nilimpa kazi gani? Kuosha filta. Kukwangua plagi. Nikimpa injini aifungue, anafika nusu, mkono wangu unaruka. "Lete hapa, shemeji, utaharibu." Miaka minne. Alikuwa na mikono mizuri, niliiona tangu siku ya kwanza, na labda ndiyo sababu.

Nyumbani mke wangu ananiambia, "Jirani yako ana mafundi sita na anakula chakula chake cha mchana kikiwa moto. Wewe una mtu mmoja mwenye cheti na unakuja kula saa kumi." Namwambia watu wanataka mkono wangu mimi. Ananiambia, "Na mkono ukivunjika?" Halafu anakwenda kutafuta leso.

Mkono haukuvunjika. Kilichoondoka ni kitu kingine, na sikumwambia mtu. Kilianza kwa ndege. Asubuhi moja nikagundua kwamba hapo kwenye miti ya mathenge nyuma ya gereji wale ndege wadogo hawapo, nikadhani wamehama. Kisha simu ikawa inaita mfukoni mwa mteja, kila mtu anageuka isipokuwa mimi. Sauti nene nazisikia, gari, adhana, mwanamume akiongea. Nyembamba zimekwenda. Miaka thelathini ya kuegemeza mfupa wangu kwenye injini za watu. Nilijua vizuri maana yake. Bila sikio mimi si fundi wa Kipini anayefuatwa kutoka Tarasaa. Ni mzee mwenye kibanda na spana, na gereji yangu ilikuwa ni hilo sikio, haikuwa na kitu kingine ndani.

Basi nikajifanya. Nakita bisibisi, nafumba macho, nabahatisha. Uzoefu ni mwingi, mara nyingi nilipata. Watu hawakujua. Niliogopa mmoja tu, yule wa upande wa pili wa mabati.

Ikaja ile pampu ya Chara.

Ilikuwa ya kikundi cha akina mama, na mwenyekiti wao ni mama mmoja mnene wa maneno machache, aliyeniamini tangu zamani. Kiangazi kilikuwa kikali, mto umeshuka, mahindi yao yanatoa mbelewele. Mahindi yakikosa maji wakati huo, hakuna kuyabembeleza. Mama Mwenyekiti alisema, "Fundi, sitaki wale vijana wa yule wa kanzu. Nataka sikio lako."

Injini inawaka vizuri, inanguruma, maji hayapandi. Nikasikiliza. Nikasema kabureta. Nikafungua kabureta, nikafunga, maji hayapandi. Nikasema impela. Nikabadilisha impela. Hayapandi. Siku ya pili Saumu akainama karibu na bomba la kuvutia maji.

"Shemeji, hapa panapiga mluzi."

"Mluzi gani?"

"Mwembamba. Kama inavuta hewa."

Nikainamisha kichwa. Hakuna kitu, ngurumo tu. "Hakuna mluzi hapo," nikasema, nikamnyang'anya spana mkononi, nikaanza kufungua valvu ambazo hazikuwa na kosa lolote. Alisimama kidogo, akarudi kwenye filta zake.

Siku ya tatu mchana, jua la utosini, nikasikia hodi. Jirani kaingia, na nyuma yake mafundi wake wawili wamebeba pampu ya manjano. Wakaiweka katikati ya gereji yangu, akawaambia warudi.

"Mama wa Chara anakuja leo," akasema. "Asirudi mikono mitupu."

"Nani kakwambia pampu yake haijapona?"

Akatazama ukuta wa mabati. "Naisikia, Fundi. Siku tatu."

Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani immeze yeye kwanza. Alikuwa anausikia! Amekaa kule na spana yake mfukoni, kanzu imemfunga mikono, anausikia mluzi ambao mimi nimeukalia. Na hakusema.

"Sitaki pampu yako," nikamwambia.

"Iko zizini kwako," akasema, akatoka nje.

Hakwenda mbali. Alisimama pale kwenye pikipiki yake, anasafisha kioo kwa kidole, na Mama Mwenyekiti akatokea wakati huo huo na vijana wawili wa kubeba. Akaiona ile ya manjano.

"Hii pampu ya nani?"

Jirani aligeuza uso akatazama barabara ya Malindi. Mimi nilikuwa na muda wa kutosha, msinitetee. Saumu alikuwepo, ananitazama.

"Yangu," nikasema.

"Lo! Kumbe na wewe umeanza kuazima watu! Tulidhani ni huyu wa kanzu peke yake." Akampigia kelele huko nje: "Bwana wa kanzu, umepata mwenzio!"

"Nimempata, mama," akajibu.

Mahindi yalipona. Na ile pampu mbovu ilipona pia, kesho yake, nilipokwenda kula. Nilirudi nikakuta inamwaga maji kwenye pipa na Saumu anajifuta mikono. "Nimekaza kiungo tu na kubadilisha raba," akasema. Kiungo cha bomba la kuvutia. Pale pale. Sikumsemesha siku mbili.

Haukupita mwezi, Jirani akafanya kituko chake cha mwisho. Aliwaita mafundi wake sita, akampa mmoja wao ufunguo, akapanda pikipiki akaenda mbugani kwa ng'ombe wake. Si likizo. Alihamia. Kumbe, alimwambia mke wangu na si mimi, hicho ndicho alichokuwa anatafuta miaka yote: gereji ambayo ikimkosa haitalia.

Nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti changu kungoja ianguke. Nilijua wateja watakuja kwangu, wataniambia, Fundi, kule hakuna mtu. Wiki ikaisha. Mwezi ukaisha. Asubuhi mlango unafunguliwa, pikipiki inatoka kwenda kuzitembelea pampu nzima, jioni unafungwa. Kigoda cha aliyechelewa kinakaliwa na yule mwenye ufunguo. Wivu wangu ukakosa hata pa kukaa, maana mwenyewe hayupo na bado ananishinda.

Na ile ya manjano iliporudi kutoka Chara, watu walikuwa wameshasikia. Wakaja kuiazima. Nikawapa, wakaniachia zao nizitengeneze, na kazi ikawa nyingi kuliko miaka mingi. Kila mmoja aliuliza ni ya nani, na kila mmoja nilimwambia yangu. Nikaanza kuichukia ile rangi.

Jumapili moja nikaifunga kwenye karia ya pikipiki ya boda, nikamwambia dereva anipeleke mbugani. Nilikuwa nimejiandalia maneno: chukua mali yako, tumalizane, kila mtu na lake.

Tulimkuta kwenye birika la kunyweshea. Ng'ombe weupe wamejaa, vumbi jingi, na yeye amechuchumaa kwenye ile injini ya kisima, kavaa shuka kuukuu, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Spana namba kumi na mbili iko mdomoni. Alikuwa ana furaha ya mtoto, na mimi nikasikia wivu wangu wote unaamka upya.

"Jirani! Kanzu iko wapi?"

Akaitoa spana mdomoni. "Kanzu ya kazini. Hapa nacheza."

Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani. Akauliza, "Gereji yako kaifungua nani leo?"

"Nimefunga."

"Na yangu?"

"Imefunguliwa."

Nikamwonyesha boda. "Nimekuletea mali yako."

"Umepata ya kwako?"

"Bado."

"Sasa unarudisha nini?"

Nilikuwa nafungua mdomo nitoe yale maneno yangu, mkewe akaja na maziwa. Mama mpole, amesimama na kibuyu, akaitazama ile pampu kwenye karia. Hakuwa na hila yoyote, alikuwa anazungumza na mgeni tu.

"Pampu nzuri hiyo. Ya nani?"

Jirani aligeuka akatazama ng'ombe. Nilimwona shingo tu. Nilijua kabisa anafanya nini, na nilijua nikisema yangu, itakuwa yangu, nitarudi nayo Garsen na hatalitaja jambo hilo mpaka kiyama.

"Ya mumeo," nikasema. "Ni yake tangu siku ya kwanza. Nimewaambia watu wa Garsen wote kwamba ni yangu." Halafu sijui nini kilinishika, mbele ya mwanamke nisiyemjua na kijana wa boda anasikiliza, maneno yakaendelea kutoka. "Na ule mluzi sikuusikia. Sisikii mluzi wowote. Huu mwaka wa tatu, sikio limekwenda."

Mama akanipa maziwa, nikanywa. Jirani akawa anajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Saumu anausikia," akasema.

"Umejuaje wewe?"

"Alikuja kwangu kuomba kazi. Mara mbili."

Nikaweka maziwa chini. "Ukamkataa?"

"Mchungaji wa jirani hachukuliwi. Nilimwambia angoje kidogo." Akakikunja kile kitambaa akakiweka juu ya injini. "Amengoja sana sasa, Fundi."

Nilirudi Garsen na pampu ya manjano imefungwa pale pale kwenye karia. Njia nzima nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu ng'ombe wake, mkewe, shuka lake kuukuu, hata ule moyo wa kumkatalia shemeji yangu kazi kwa ajili yangu bila kuniambia. Kidonda hakikupona, asije mtu akasema kilipona.

Jumatatu asubuhi nilifungua sanduku nikatoa kanzu yangu ya Ijumaa. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Kuna harusi?"

"Nakwenda kazini."

Alinitazama toka juu mpaka chini. Ile leso ilikuwa kwenye kamba, akaianua na kuikunja.

Gerejini nilimkuta Saumu na filta zake. Nikamwonyesha pampu moja ya Kau iliyokuwa inasubiri tangu Ijumaa. "Hiyo ni yako," nikamwambia. Hakuamini. Aliitazama kanzu, akanitazama mimi, akachukua bisibisi ndefu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Akavuta kamba, injini ikawaka, na mkono wangu ukatoka wenyewe kuelekea kwenye spana. Nikauona ule mkono mweupe wa kanzu unapita mbele ya macho yangu. Nikaurudisha nikaukalia.

Saumu alikuwa amefumba macho, mpini wa bisibisi kwenye mfupa wa sikio.

"Shemeji," akauliza, "unasikia?"

"Sisikii," nikasema. "Niambie wewe."